Mnara wa Taa wa Chumbe: Amana ya Wasafiri

Miongoni mwa majengo yote ayajengayo mwanadamu, mnara wa taa una sifa ya peke yake. Nyumba hujengwa kwa ajili ya mwenyewe na watoto wake. Duka hujengwa kwa ajili ya mnunuzi atakayeacha fedha yake. Ngome hujengwa ili kumwogofya adui. Lakini mnara wa taa hujengwa kwa ajili ya mpita njia asiyejulikana jina lake, wala dini yake, wala bandari atokayo. Huiona nuru usiku, akauepuka mwamba, akapita salama, na wala harudi kushukuru.

Sisi tukaao Wazo, penye kilima ambacho tangu mwaka 1966 mawe yake yamekuwa yakisagwa kuwa saruji, twaiona bahari kila siku Mungu aifanyayo. Wengi wetu tuna ndugu na wakwe Unguja na Pemba, na kuvuka kwetu ni jambo la kawaida. Walakini ukimwuliza kijana aliyevuka mara kumi ni mnara gani mweupe ule aliouona kisiwani, upande wa kulia, chombo kilipokaribia mji wa Unguja, huenda asiwe na jibu. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kuwaandikia wasomaji wetu, wazee kwa vijana, habari za mnara wa Chumbe: ulivyojengwa, ulivyokaribia kusahauliwa, na ulivyonusurika.

Neno lenyewe na asili yake

Yafaa kwanza tulitazame neno. Mnara ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, manara, maana yake mahali pa kuwekea nuru. Shina lake ni lile lile lililotupatia neno nuru. Kwa hiyo leo tusemapo "mnara" tukakusudia mahali pa kuadhinia, hatuna budi kukumbuka kwamba neno hili lilikuwa ni la taa pia. Mnara wa msikiti humwita mtu kwa sauti, na mnara wa bahari humwita kwa mwanga. Wote wawili kazi yao ni kumwonyesha mtu njia.

Kabla ya minara hiyo kuenea katika bahari yetu, mabaharia walisafiri kwa nyota. Nahodha mashuhuri wa Kiarabu, Ahmad ibn Majid, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, aliwafundisha wenzake kupima urefu wa nyota na kuzitambua nyakati za pepo. Nyota humfikisha nahodha karibu na nchi, lakini hazimwambii mwamba uko wapi. Hatari kubwa ya chombo haiko katikati ya bahari kuu, iko pwani, pale abiria wanapoanza kufunga mizigo wakidhani wamekwisha fika. Hapo ndipo mnara unapohitajiwa.

Mnara wa Iskandaria na ziara mbili za Ibn Battuta

Mnara wa taa uliovuma kuliko yote duniani ulikuwa ule wa Iskandaria, nchini Misri. Ulimalizika kujengwa karibu na mwaka 280 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, katika kisiwa kidogo kiitwacho Faro, na urefu wake ulipita mita 100. Waislamu walipoingia Misri katika karne ya 7 waliukuta ungali umesimama. Msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, aliyefika huko mwaka 1183, aliandika kwamba juu kabisa ya mnara huo palikuwa na msikiti, na watu wakipanda kuswali humo kwa kutafuta baraka. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia tutakapofika Chumbe.

Baada yake akaja Ibn Battuta wa Tanja, ambaye sisi wa Afrika Mashariki twamjua, kwa kuwa mwaka 1331 alitutembelea akafika Mombasa na Kilwa. Yeye aliuona mnara wa Iskandaria mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1326, aliukuta upande wake mmoja umebomoka, lakini aliweza kuingia ndani na kuutazama. Mara ya pili, mwaka 1349, aliukuta umeharibika hata haikuwezekana kuufikia mlango wake. Miaka 23 tu ilipita kati ya ziara hizo mbili. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alijenga ngome mahali pale pale, na mawe ya mnara yakatumika katika kuta za ngome.

Ni kweli kwamba kilichoanza kuuangusha ni matetemeko ya ardhi, nayo ni katika amri za Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, tetemeko hutikisa kwa siku moja, na uzembe hubomoa kila siku. Jengo lililosimama zaidi ya miaka 1,500 lilikwisha baina ya safari mbili za mtu mmoja. Tukumbuke hilo kila tuonapo ufa mdogo ukutani tukasema, "Haidhuru, tutauziba mwakani."

Taa za Unguja

Huku kwetu, Seyyid Barghash bin Said alipojenga Beit al-Ajaib mjini Unguja mwaka 1883, mbele yake ufukweni palisimama mnara wa taa wa kuongozea vyombo. Mnara huo haukudumu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga, vita ambavyo havikutimiza hata saa moja, nao mnara ukaharibiwa na haukujengwa tena. Badala yake, Beit al-Ajaib yenyewe ikaongezwa mnara wa saa.

Lakini vyombo haviwezi kwenda bila ya taa. Ilikuwapo taa ya Ras Nungwi, kaskazini ya Unguja. Mwaka 1900 ukasimamishwa mnara wa Ras Kigomasha, kaskazini ya Pemba. Na mwaka 1904 Waingereza wakajenga mnara wa Chumbe, kuilinda njia ya kusini, ambayo ndiyo njia ya vyombo vitokavyo Dar es Salaam. Huku bara nako, mbele ya mlango wa bandari yetu, katika kisiwa cha Makatumbe ya nje, uko mnara wa tangu zama za Wajerumani. Hivyo msafiri wa kwenda Unguja akawa kama mtu anayepokewa mkono kwa mkono: Makatumbe humsindikiza, na Chumbe humkaribisha.

Mlinzi na msikiti wake

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, eneo lake ni kama hekta 22, nacho kiko kiasi cha kilomita 12 kusini ya mji wa Unguja. Hakina kisima cha maji baridi. Maji yake ni yale yashukayo kwa mvua. Mnara ni wa mawe, na ndani yake zimo ngazi zaidi ya mia moja, ambazo mlinzi wa taa hakuwa na budi kuzipanda.

Kazi ya mlinzi wa mnara wa zamani ilikuwa ya taabu. Taa ilipasa kuwashwa jua lizamapo na kuangaliwa usiku kucha mpaka alfajiri. Kioo kilipasa kusafishwa, maana moshi kidogo au chumvi ya bahari hupunguza mwanga. Hakuna msimamizi aliyesimama nyuma yake. Lau angalilala usiku mmoja, huenda pasingalikuwa na mtu wa kumshitaki ila jahazi lililovunjika mwambani. Nani angempima mtu kama huyu isipokuwa Mola wake na dhamiri yake?

Karibu na mnara ilijengwa nyumba ya mlinzi na jamaa zake, na kando ya nyumba ukajengwa msikiti mdogo kwa ajili yao, kwa mtindo wa Kihindi usiofanana na misikiti mingine ya Unguja. Basi tazama, msomaji: Iskandaria msikiti ulikuwa juu ya mnara, na Chumbe msikiti uko chini ya mnara. Karne zimepita baina yao, na bahari ni mbali mbali, lakini waliowasha taa ya wasafiri walihitaji pia mahali pa kusujudu. Haya si majengo mawili yaliyokutana kwa bahati. Mtu aliyeachiwa amana ya roho za watu asiowaona anahitaji kukumbushwa, mara tano kwa siku, kwamba yeye mwenyewe anaonekana.

Mwanga mdogo unavyofika mbali

Huenda kijana akauliza, vipi taa moja huonekana maili nyingi baharini? Siri iko katika kioo. Mwanga wa taa ya kawaida hutawanyika pande zote, ukapotea mbinguni na ardhini. Mfaransa aitwaye Augustin Fresnel alitengeneza kioo cha pete nyingi zilizopangwa kuzunguka taa, kila pete ikiupinda mwanga na kuupeleka upande mmoja, moja kwa moja kuelekea upeo wa bahari. Kioo chake cha kwanza kiliwekwa katika mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Elimu ya kupinda kwa mwanga ilikuwa na wazee wake kabla ya hapo, na mkubwa miongoni mwao ni mwanachuoni wa Basra, Ibn al-Haytham, aliyeandika kitabu cha elimu ya kuona na mwanga mwanzoni mwa karne ya 11.

Ziko pia habari za ajabu za Msweden mmoja, Gustaf Dalén. Huyu alibuni taa za gesi ya asetilini ziwezazo kukaa muda mrefu bila ya mtu, na kifaa kinachohisi mwanga wa jua: kukipambazuka taa hujizima, na kukichwa hujiwasha. Mwaka 1912 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, na mwaka huo huo gesi ilimlipukia katika majaribio akapofuka macho yote mawili. Aliendelea na kazi miaka mingi katika giza lake, na taa zake zikaenea baharini ulimwenguni. Mnara wa Chumbe nao uliwekewa taa ya gesi ya kampuni yake mwaka 1926.

Lakini kila faida ina upande wake wa pili. Taa ijiwashayo yenyewe haimhitaji mlinzi wa kukesha, na mahali pasipo mlinzi huanza kuchakaa. Jambo hili halikutokea kwetu tu. Katika maziwa makubwa ya Marekani, ambayo yana dhoruba na miamba kama bahari, ilijengwa minara ndani ya maji, mbali na nchi. Mmoja wao ni mnara wa Stannard Rock katika Ziwa Superior, uliojengwa kati ya mwaka 1877 na 1882, takriban kilomita 39 kutoka nchi kavu. Walinzi wake waliishi humo bila ya wake wala watoto, wamezungukwa na maji pande zote. Mwaka 1961 ulitokea mlipuko uliomwua mtu mmoja, na mwaka 1962 mnara ukaachiwa mitambo. Minara mingi ya namna hiyo ikabaki bila ya mtu wa kuiziba nyufa, hata mwaka 2000 nchi hiyo ikatunga sheria ya kuwakabidhi bure watu wa miji au vyama vilivyo tayari kuitunza. Waliona kwamba jengo likikosa mkaazi ni lazima lipatiwe mtu wa kulijali, au litakwisha.

Kisiwa kilichonusurika

Chumbe kulitokea vivyo hivyo. Taa iliendelea kuwaka chini ya wakuu wa bandari, lakini nyumba ya mlinzi iliachwa ikawa gofu, na kisiwa kikabaki kimya. Kimya hicho, hata hivyo, kilikuwa na neema yake. Kwa kuwa upande wa magharibi wa kisiwa ni njia ya vyombo, uvuvi haukuruhusiwa hapo. Na kwa hiyo matumbawe yaliyo chini ya maji yalibaki mazima, wakati sehemu nyingine za pwani yalikuwa yakivunjwa kwa nanga na baruti.

Mwaka 1991 Bibi Sibylle Riedmiller, mwanamke wa Kijerumani, alianza kuisihi Serikali ya Zanzibar ikihifadhi kisiwa hicho. Mwaka 1994 Serikali ilitangaza sehemu ya bahari ya magharibi kuwa hifadhi, na msitu wa kisiwa nao ukalindwa, na kazi ya kuendesha hifadhi ikakabidhiwa kampuni aliyoianzisha. Ndani ya hifadhi hiyo wamehesabiwa samaki wa aina zaidi ya 400. Wavuvi wa vijiji vya jirani walifunzwa wakawa walinzi wa bahari. Gofu la nyumba ya mlinzi wa taa likatengenezwa likawa nyumba ya kupokelea wageni na kufundishia. Msikiti umehifadhiwa. Na mnara wenyewe ungali ukifanya kazi yake ya mwaka 1904.

Yatupasa kulifikiri vizuri jambo hili. Mnara wa Chumbe haukunusurika kwa kuwekewa kibao na kufungiwa uzio. Ulinusurika kwa sababu kila kitu kisiwani kilipewa kazi: nyumba ilipewa wageni, wavuvi walipewa ulinzi, na bahari ilipewa mapumziko. Ada za wageni ndizo zilipazo mishahara na matengenezo. Ni kweli kwamba si kila nyumba yetu iwezayo kulipa gharama ya kulala huko. Lakini hifadhi hiyo imekuwa ikiwachukua wanafunzi wa shule za Zanzibar kwa maelfu, ili waone matumbawe ambayo babu zao walipita juu yake maisha yao yote bila ya kuyaona. Na wala tusione haya kwamba aliyeanza si mwenyeji. Mnara nao haukumwuliza mtu atokako. La kutuonea haya lingekuwa kungoja mgeni mwingine aje kwa kila kilichobaki.

Mnara hauna mikono

Hapa twafika penye uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia ya abiria wakafa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam wakati wa pepo za kusi, ikapinduka karibu na Chumbe. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu wa mitaa yetu hii, na nyumba zilizoweka matanga siku zile twazijua.

Angalia, msomaji mpendwa: misiba hiyo miwili ilitokea jirani na minara miwili ya taa, Nungwi na Chumbe. Minara haikukosa kitu. Kosa lilikuwa nchi kavu: katika kuhesabu abiria, katika kupokea mizigo, katika kusema "twende tu" upepo ulipokuwa umekataza. Mnara waweza kumwonyesha nahodha mwamba. Hauwezi kumzuia mwenye chombo asiuze tikiti kupita idadi, wala kumshika mkono msafiri mwenye haraka. Waliotuachia minara walitimiza nusu ya amana, na nusu ya pili iko mikononi mwetu. Tukiyahifadhi mawe tu, tukaiacha tabia ya mlinzi aliyekesha bila ya kuonekana, tutakuwa tumehifadhi ganda tukatupa kiini.

Yaliyo juu yetu

Wako wasemao kwamba siku hizi manahodha wana vyombo vya setilaiti viwaonyeshavyo mahali walipo, basi minara ni ya nini? Jawabu ni kwamba vyombo hivyo vyahitaji umeme, na umeme hukatika. Tena mvuvi wa ngalawa wa Kunduchi au Ununio, aliyechelewa na kiza kimemkuta nje, hana chombo cha namna hiyo. Ana macho yake tu. Kwake yeye mnara si kumbukumbu ya kale, ni njia ya kurudi kwa watoto.

Wala tusidhani kwamba jengo kubwa halianguki. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilibomoka, ingali katika matengenezo, na watu wawili wakafa; jengo tulilolisifu tangu utoto, lililomo katika Mji Mkongwe ambao ulimwengu umeutambua kuwa urithi wake tangu mwaka 2000.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Mzazi akivuka na wanawe awaonyeshe Makatumbe na Chumbe, awaeleze habari zake, kuliko kuwaacha wamelala au wameinamia simu. Vijana wawaendee wazee waliofanya kazi bandarini na vyomboni, waandike majina ya miamba, ya pepo na ya taa kama wanavyoyajua, kabla elimu hiyo haijazikwa pamoja na wenyewe. Walimu wa vyuo na wa shule wawapeleke wanafunzi pwani japo mara moja kwa mwaka. Asitokee mtu wa kung'oa chuma, kioo au betri ya taa yoyote ya baharini akauza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu; maana kumwondolea mpita njia cha kumdhuru ni katika imani, na mwenye kumzimia taa msafiri amefanya kinyume chake. Wakuu wa bandari nao tunawaomba wasiiache minara ya visiwa vyetu vya Dar es Salaam ingoje mpaka ziwepo habari za kusikitisha. Na yeyote aonaye chombo kimejaa, ashuke, hata kama amekwisha lipa, na awashushe wanawe.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliopotea katika mikondo yetu, awalipe kheri waliokesha usiku kwa ajili ya watu wasiowajua, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa wenye kutunza tulichoachiwa. Amin.